Mti wa ukoo wa furu si wa kubahatisha

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti wanasayansi hubadilisha mti wa ukoo wa viumbe (mchoro unaoonyesha nani ni ndugu wa nani), hivyo tafiti za ikolojia, yaani za jinsi viumbe wanavyoishi katika mazingira yao, zinazoutegemea ni ubashiri mtupu. Si kweli.

Chukua furu, samaki wa Ziwa Victoria. Ziwa lilikauka, likajaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Mamia ya spishi zikachipuka upesi mno, hata matawi mengine ni vigumu kuyatenganisha. Ndiyo maana watafiti makini hawaegemei mti mmoja. Swali lilelile, mathalani kama ndugu wa karibu hula chakula kinachofanana, hulipima kwenye mamia ya miti inayowezekana. Jibu likidumu, lina uzito. Likiyumba, husema wazi.

Hakiki mwenyewe: kwenye michoro mingi, namba iliyo karibu na 100 penye maungio huonyesha tawi imara. Neno "mashaka", wanalolitumia watafiti kuhusu miti hii, ndilo huwachanganya watu. Hapa ni kipimo cha uhakika wa tawi, si ujinga. Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo.