Nyama ya kasa: maswali ya jikoni na majibu yake

Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mama mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa hospitali. Novemba 2021 kitoweo hichohicho kiliua watu 7 Pemba. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila msiba kama huo unapotokea.

Kasa ameliwa pwani tangu enzi za mababu. Leo imekuwaje awe sumu?

Si leo. Watu wamekufa hivi Madagaska, visiwa vya Komoro, Ufilipino na visiwa vya Pasifiki. Wataalamu wanadhani kasa hatengenezi sumu yeye mwenyewe, bali huipata kwenye mwani na viumbe wengine anaowala, ikajikusanya mwilini bila kumdhuru. Kwa hiyo wanaweza kuvuliwa kasa wawili wa aina moja, bahari ileile: wa kwanza akaliwa watu wakalala salama, wa pili akaua. Ng'amba, mmoja wa aina za kasa, ndiye anayetajwa zaidi kwenye vifo, lakini kasa wa kawaida (wa kijani) naye ameua. Anayesema babu yake alikula kasa hadi uzeeni hasemi uongo. Ila babu alikula kasa wake. Huyu aliyenasa jana kwenye jarife ni mwingine.

Nikimchemsha sana, au nikamkausha kwa chumvi?

Haisaidii. Moto unaua vijidudu, lakini sumu hii inabaki. Ndimu, tangawizi na kumwaga maji ya kwanza pia ni kazi bure. Tena nyama yenye sumu haina rangi, harufu wala ladha tofauti, hivyo mpishi hodari hana analomzidi anayejifunza kupika.

Tukimwonjesha paka kwanza?

Dalili huanza baada ya saa chache, na wakati mwingine baada ya siku kadhaa. Paka atashinda mzima, jioni sufuria itakuwa tupu, na ugonjwa utakuja keshokutwa.

Dalili zenyewe ni zipi?

Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kizunguzungu. Kinachowashtua wengi ni mdomo: midomo na koo huwaka, ulimi hufanya utando na vidonda, kumeza hata mate kunakuwa shida. Baadaye mgonjwa anasinzia, akiamshwa anajibu kwa taabu, na anaweza kuzama kwenye usingizi asiamke tena. Usingizi huo usidhaniwe ni nafuu. Watoto ndio wanaoumia zaidi.

Nanyonyesha. Nimekula lakini sijisikii vibaya.

Sumu hupita kwenye maziwa, na kuna watoto wachanga waliofariki ilhali hawakuonja nyama. Acha kumnyonyesha kwa sasa, mchukue mwende hospitali wote wawili, na muulize daktari utamlisha nini kwa muda huo.

Hospitali watanipa dawa gani?

Dawa ya kuifuta sumu hii haijapatikana. Watakuwekea dripu, watakusaidia kupumua ikibidi, na watalinda ini na figo zako. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu: nenda hata kama hujaanza kuumwa, useme wazi kwamba umekula kasa. Najua watu wanaficha kwa kuogopa sheria. Daktari hakuja kukushtaki, na akidhani una malaria utapoteza saa za thamani. Anayesinzia msimnyweshe dafu wala maziwa, yatampalia.

Halafu kumbukeni kwamba kasa mmoja huingia nyumba nyingi: jirani kapewa kipande, shangazi kapelekewa bakuli. Sheha aarifiwe, tangazo litolewe msikitini, kila aliyekula atafutwe siku hiyohiyo.

Mbona Wajapani wanakula samaki bunju, naye ana sumu?

Sumu ya bunju inajulikana kwa jina, tetrodotoksini, na inajulikana inakokaa zaidi: kwenye ini na mayai. Mpishi husomea kazi hiyo na kupewa leseni, na ini haliruhusiwi mikahawani. Hata hivyo, mwaka 1975 mwigizaji wa kabuki (maigizo ya jadi ya Kijapani), Bandō Mitsugorō VIII, alikufa Kyoto baada ya kula ini la bunju. Sumu ya kasa haijatambuliwa mpaka sasa ni kitu gani hasa. Hatuna kipimo cha jikoni wala kiungo cha kukata na kutupa. Huko visiwa vya Cayman kasa huliwa kwa ruhusa, lakini wanafugwa shambani na chakula chao kinajulikana.

Na mayai yake?

Yaacheni. Yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na kuyachukua ni kosa kisheria. Ama la halali na haramu, waulizwe masheikh. Mimi naongea ya tumbo.

Kasa amenasa kwenye wavu wangu. Nifanyeje?

Akiwa hai, kata nyuzi kwa uangalifu, umrudishe majini. Akiwa amekufa, mwarifu ofisa uvuvi au kamati ya wavuvi ya shehia, kisha azikwe shimo refu ambalo mbwa hawatalifukua. Asigawiwe, asiuzwe, wala asifanywe chambo. Na mtu akija na ndoo kuomba "kipande kidogo tu cha mgonjwa", mpe samaki.