Ushirikiano Hupimwa kwa Uamuzi Uliobadilika

Kazi yangu ni kuratibu miradi inayozikutanisha taasisi, wataalamu wa fani mbalimbali na jamii ambazo miradi hiyo inazigusa. Viongozi wa mashirika huniuliza mara nyingi watajuaje kama ushirikiano wao ni wa kweli au ni wa kwenye makaratasi, na wengi hutarajia niwape fomu ya tathmini yenye alama za kujumlisha. Mimi huwaomba wafungue mihtasari ya vikao vyao na wanionyeshe uamuzi mmoja tu uliobadilika kwa sababu mshirika fulani alikuwapo: tarehe iliyosogezwa, fungu la bajeti lililohamishwa, au utaratibu wa kitaalamu ulioachwa baada ya mtu asiye mtaalamu kueleza kwa nini hautafaa. Wakiupata, tuna mahali pa kuanzia. Wasipoupata, orodha ndefu ya mahudhurio na hati ya makubaliano yenye mihuri mitatu haviwezi kulijaza pengo hilo.

Hoja hii ina historia. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, ambaye alikuwa amefanya kazi katika wizara ya nyumba na maendeleo ya miji ya Marekani, alichapisha makala iliyochora ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vipandio vinane. Chini kabisa wananchi hukusanywa ili kuhalalisha jambo lililokwisha kuamuliwa. Katikati hupewa taarifa, huombwa maoni, au hutulizwa kwa viti viwili vitatu katika kamati. Vipandio vitatu vya juu, yaani ubia, mamlaka yaliyokasimiwa na udhibiti wa wananchi wenyewe, ndivyo pekee ambamo kauli yao huwa na nguvu ya kuamua. Arnstein aliona wazi kwamba kuomba maoni bila wajibu wowote wa kuyazingatia humwacha mwenye mamlaka pale pale alipokuwa.

Naikubali hoja yake, lakini ngazi hiyo ina udhaifu ambao huonekana haraka mtu akiwa kazini. Inamfanya msomaji adhani kwamba kila uamuzi unapaswa kupandishwa hadi juu, ilhali jamii nyingi nilizofanya nazo kazi hazina haja ya kupanga kipimo cha dawa wala unene wa nondo. Zinachodai ni kuamua yale ambayo wao ndio wanaoyajua na ndio watakaoyabeba. Kwa hiyo swali la maana zaidi, kwa maoni yangu, ni namna maamuzi yanavyogawanywa: yapi ni ya mtaalamu, yapi ni ya jamii, yapi ni ya taasisi inayotoa fedha, na yapi hayawezi kupita mpaka wote watatu wakubaliane.

Mfano ulio bora zaidi ninaoufahamu wa mgawanyo huo ni mapambano dhidi ya usubi, ugonjwa ambao wengine huuita upofu wa mtoni. Minyoo yake huenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kwamba ingetoa dawa ya ivermectin bure, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wowote utakaohitajika. Ungedhani tatizo lilikwisha siku ile. Lakini dawa hiyo huua minyoo michanga na kuiacha hai ile iliyokomaa, ambayo huweza kuishi zaidi ya miaka 10 ndani ya mwili, kwa hiyo watu walewale walihitaji kuimeza kila mwaka kwa miaka mingi mfululizo, tena katika vijiji vilivyo mbali na zahanati. Timu za afya zilizokuwa zikizunguka kwa magari zilifika kwa ratiba zao, nyakati nyingine wakati watu wako mashambani, na kila safari iligharimu fedha nyingi.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walijaribu kuipa jamii yenyewe jukumu la ugawaji, na mpango wa Afrika wa kudhibiti ugonjwa huo, ulioanza mwaka 1995, ukaufanya utaratibu huo kuwa msingi wa kazi yake. Jamii ilichagua nani agawe dawa, msimu gani, na kama ugawaji ungefanyika nyumba kwa nyumba au katika eneo moja. Wahudumu wa afya walibaki na mafunzo, usimamizi na matibabu ya madhara ya dawa. Sheria za kitaalamu hazikulegezwa: wajawazito, wagonjwa mahututi na watoto wenye urefu wa chini ya sentimeta 90 hawakupewa. Lakini wataalamu nao walilazimika kubadilika, kwani kipimo cha dawa kilichotegemea uzito kilihitaji mizani, na mizani haikupatikana kijijini. Wakakubali kupima kwa urefu, kwa kutumia fimbo iliyowekwa alama zinazoonyesha idadi ya vidonge. Fimbo hiyo naiona kuwa kielelezo kizuri sana cha ushirikiano, kwa sababu utaalamu umo ndani yake wote na bado haimhitaji mtaalamu awepo.

Mpango huohuo ulifunua jambo ambalo mashirika hupenda kulipita haraka, nalo ni kwamba neno jamii huficha watu wengi wasiokubaliana. Nchini Uganda ilionekana kwamba pale wagawaji wachache walipoteuliwa na viongozi wa kijiji, kazi ilisuasua na madai ya malipo yakaongezeka. Pale kila ukoo ulipochagua watu wake wa kuwahudumia ndugu zao, watu wengi zaidi walipata dawa na wanawake waliingia katika kazi hiyo kwa wingi zaidi. Shirika lililoridhika kwa kuwa limeonana na mwenyekiti lingekuwa limeandika kwenye taarifa yake kwamba jamii imeshirikishwa. Mwenyekiti ni mlango wa kuingilia, na ni haki apewe heshima yake, lakini wajane, vijana wasio na ardhi na wageni waliohamia hawamo mfukoni mwake.

Kuna wakati jamii inajua jambo la kitaalamu kabisa ambalo wataalamu hawalijui, na hapo ndipo fani yangu hupata taabu zaidi. Baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka mwezi Aprili 1986, mvua kubwa ilishusha siziamu yenye mionzi juu ya vilima vya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako watu huishi kwa kufuga kondoo. Mwezi Juni serikali ilipiga marufuku kuwahamisha na kuwachinja kondoo wa eneo hilo, ikisema zuio lingedumu kwa wiki tatu hivi. Mashamba ya mwisho yaliondolewa vizuizi mwaka 2012.

Kosa halikutokana na uvivu wala hila. Makadirio ya wanasayansi yalitegemea ujuzi wa udongo wa mfinyanzi, ambao huifunga siziamu isipatikane kwa mizizi, ilhali vilima vile vina udongo wa mboji wenye asidi, unaoiacha ipande tena kwenye nyasi na kurudi kwa kondoo mwaka baada ya mwaka. Mwanasosholojia Brian Wynne, aliyewahoji wafugaji, alieleza jinsi maarifa yao yalivyopuuzwa moja baada ya jingine. Walishauriwa wawabakize kondoo mabondeni, wakati nyasi za bondeni ndizo akiba ya majira ya baridi. Maofisa walipotaka kujaribu kunyunyizia ardhini bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaoifunga siziamu, waliwafungia kondoo ndani ya uzio katika vipande vilivyopimwa. Wafugaji wakasema kondoo waliozoea kuzurura vilimani hudhoofu wakifungiwa, hivyo matokeo yataharibika. Hawakusikilizwa, na baadaye jaribio hilo liliachwa kimyakimya kwa sababu zilezile walizokuwa wamezitaja.

Ningeongeza kwamba kilichowaumiza zaidi kilikuwa ule uhakika ambao wataalamu walizungumza nao. Karibu na vilima hivyo kuna kiwanda cha nyuklia cha Sellafield, ambacho kilipata ajali ya moto mwaka 1957 kilipokuwa kikiitwa Windscale, na wafugaji walishuku kwamba baadhi ya mionzi ilitoka huko. Mtu aliyekwambia wiki tatu kwa sauti ya uhakika, kisha akakosea, utampa uzito gani anapokuhakikishia kwa sauti ileile kwamba kiwanda jirani hakihusiki? Tangu niisome habari hiyo huwasihi wataalamu ninaofanya nao kazi wataje mipaka ya makadirio yao katika kikao cha kwanza, kabla ya mtu yeyote kuwauliza. Baadhi huona hilo litawavunjia heshima, na mimi sijaona hivyo.

Mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, ulioua zaidi ya watu 11,000, unaonyesha upande mwingine wa suala hili: hali ambamo wataalamu walikuwa sahihi kabisa kuhusu sayansi na bado kazi ikakwama. Maiti ya mtu aliyekufa kwa Ebola huambukiza vikali, kwa hiyo kuiosha kwa mikono mitupu kulieneza ugonjwa. Timu zilizovaa mavazi ya kujikinga zilichukua maiti na kuzizika bila familia kujua hata kaburi liko wapi. Watu wakaanza kuwaficha wagonjwa na kuzika usiku, na mwezi Septemba 2014, huko Womey nchini Guinea, watu wanane wa ujumbe uliokwenda kutoa elimu ya ugonjwa huo waliuawa.

Mwezi Novemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa mazishi salama na yenye heshima, uliotayarishwa pamoja na viongozi wa dini na wanaanthropolojia. Familia iliombwa ridhaa kwanza, ikapata nafasi ya kuomba dua na kushiriki mazishi kwa umbali salama. Kwa marehemu Mwislamu, kuosha kwa maji kuliweza kubadilishwa na tayammum, yaani kutwaharisha kwa udongo au mchanga bila maji, iliyofanywa na mtu aliyevaa kinga, na maiti ikavishwa sanda. Sharti la kitaalamu, yaani jamaa wasiiguse maiti, lilibaki kama lilivyokuwa. Kilichobadilika ni kwamba sharti hilo lilitenganishwa na mambo mengine yote ambayo yalikuwa yamebebwa pamoja nalo bila sababu, na mambo hayo yakarudishwa mikononi mwa wenyewe. Kazi hii ya kutenganisha ndiyo ninayoifanya kwa sehemu kubwa ya muda wangu, na ni ya kuchosha, kwa kuwa mtaalamu huamini kwa dhati kwamba utaratibu wake wote ni sayansi, wakati nusu yake ni mazoea ya ofisi.

Kati ya wataalamu wenyewe hali si nyepesi zaidi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha orodha ya usalama wa upasuaji, ambayo pamoja na mambo mengine huwataka waliomo chumbani wajitambulishe kwa majina na kazi zao kabla ya kisu kugusa ngozi. Matokeo kutoka hospitali nane katika miji nane duniani, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kisha jimbo la Ontario, Kanada, likaifanya orodha hiyo kuwa ya lazima, na uchunguzi wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona upungufu wa maana wa vifo. Watafiti wameeleza tofauti hiyo kwa njia mbalimbali. Tafsiri yangu ni kwamba visanduku vinaweza kutiwa alama vyote huku muuguzi akiendelea kuogopa kumwambia daktari bingwa asimame.

Baina ya taasisi na taasisi, mambo mengi huamuliwa na fedha, na hapa nitasema kwa ufupi kwa sababu kila aliyewahi kuomba ruzuku anajua ninachokisema. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa kilele wa misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 asilimia 25 ya fedha zao zingewafikia watendaji wa ndani ya nchi kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Shirika linalosaini mkataba na mfadhili ndilo linalowajibika kwa kila risiti, kwa hiyo hushikilia kauli ya mwisho hata pale hati ya makubaliano inapowaita wote washirika sawa. Ninaposhauri, huomba bajeti nzima iwekwe mezani kabla ya saini, muda wa wanajamii ulipiwe kama unavyolipiwa muda wa mshauri, na gharama za uendeshaji za asasi ndogo zitambuliwe badala ya kuachwa zijifiche ndani ya posho za semina.

Kifungu ambacho huleta ubishi mrefu zaidi ni kile kinachosema nani anaweza kusimamisha kazi. Wasan, mojawapo ya jamii za asili za Afrika Kusini, waliochoshwa na watafiti waliokuja kuchukua picha, damu na habari zao za ukoo bila kurudi, walitoa mwaka 2017 kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti. Kanuni hizo zinadai mapendekezo ya utafiti yapitie kwenye baraza lao, matokeo yarudishwe kwao, na mtafiti atakayevunja masharti anaweza kukataliwa, yeye na hata taasisi iliyomtuma. Mashirika yanayosoma kifungu cha namna hiyo kwa mara ya kwanza huuliza itakuwaje jamii ikikitumia vibaya. Mimi huwarudisha kwenye rasimu yao wenyewe, ambamo haki ya kusitisha mradi kwa taarifa ya siku 30 imeshaandikwa upande wa mfadhili, na huwaomba waandike sentensi hiyohiyo, kwa maneno yaleyale, upande wa pili wa ukurasa.