"Ndiyo, muganga": jibu ninaloliogopa nikiwa na sindano mkononi

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukivaa bluzi nyeupe wewe ni muganga, uwe daktari au mwuguzi wa A2, yaani wa ngazi ya sekondari, aliyemaliza shule mwaka jana. Na muganga habishiwi. Mwulize mama aliyeketi ukingoni mwa kitanda tangu jana asubuhi, "Huyu ni Bahati?" Atakuitikia "Ndiyo, muganga" kabla hujafunga mdomo. Hajalala, hajala, ana hofu ukimpita hutarudi. Ungemtajia jina lolote angeitikia.

Ndiyo hiyo ilinipata mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Gadi (zamu) ya usiku, sali (wodi) ya watoto, msimu wa malaria, watoto wawili kitanda kimoja, wamelazwa mzungu wa nne. Bahati walikuwa wawili: mmoja ana malaria kali, mwingine anaharisha. Nikasimama na artesunati yangu, dawa ya malaria kali, nikauliza, nikajibiwa, nikaisukuma yote kwenye mshipa. Nilipogeukia fishi, karatasi ya mgonjwa, nitie saini ndipo nikaona uzito. Fishi inasema kilo 12. Mtoto niliyetoka kumdunga hafiki hata 8.

Nilimwamsha yaya, mwuguzi mkubwa wangu niliyekuwa naye gadi, nikamwambia. Mtoto tulimwangalia mpaka kukakucha, hakupata shida. Bahati mwenye malaria alipewa dozi yake kwa kuchelewa. Mama wa yule mtoto niliyemdunga kwa makosa nilimweleza mimi mwenyewe, nikingoja anifokee. Akasema, "Si kitu, muganga." Afadhali angenifokea.

Shuleni tulikariri zile B tano za Kifaransa, kila moja ikianza na "bon", yaani sahihi, mpaka usingizini. Kwa Kiswahili zinakuwa hivi: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, wakati ndio. Sikilizeni zinavyoimba. Mtego uko humo humo, maana mwuguzi anapita na orodha akijiitikia mwenyewe: ndiye, ndiyo, ndicho, twende. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Lengo zuri. Ila bango la ukutani halimjui Bahati wa pili.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti: sindano ikiwa mkononi, siulizi swali linaloweza kujibiwa "ndiyo". Nasema, "Mama, nitajie jina lote la mtoto, na la baba yake." Yeye anataja, mimi nafuata kwa jicho kwenye fishi bila kumsaidia. Jina la baba si urembo, maana akina Bahati, Neema, Furaha na Amani wamejaa kila sali ya Kivu. Uzito nao ni shahidi mzuri, ndio ulioniumbua usiku ule. Asiyeweza kusema tunamfunga sparadra (plasta) mkononi yenye majina yake. Namba ya kitanda siiamini kabisa, wagonjwa wanahamishwa kila saa.

Kwa wenzangu wa kazi sharti ni lile lile, na huko ndiko lilikonisumbua zaidi. Ukimwambia mwenzako "Mililita 3,6, si ndiyo?", ataitazama sindano, ataona ina dawa, atasema ndiyo. Kama wewe ni mkubwa wake ataisema haraka zaidi. Siku hizi nampa fishi tu: "Kilo 12, artesunati ya mshipa. Wewe unapata ngapi?" Apige hesabu yake bila kuiona yangu. Mtoto asiyefika kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo 36. Kuanzia kilo 20 ni 2,4 kwa kilo. Flakoni (kichupa) yetu ya miligramu 60 inayeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti inayokuja ndani ya boksi, inatikiswa mpaka iwe angavu, ndipo zinaongezwa mililita 5 za serumu (maji ya dripu) ya chumvi au ya glukozi. Jumla 6, miligramu 10 katika kila mililita. Bahati anapata 3,6. Kwa msuli je? Hapo unaongeza 2 badala ya 5, kila mililita inabeba 20, na mtoto yule yule anapata 1,8.

Sasa fikiria mtu amechanganya kwa mshipa, halafu akavuta kipimo cha msuli. Amempa nusu. Sindano ilikuwa na dawa, fishi ina saini, mama ameshukuru, na hakuna atakayejua kwa nini mtoto haamki. (Kwa kuwa tumefunzwa kwa Kifaransa, tunaandika 3,6 kwa mkato. Mkato mwembamba wa bik inayokauka ukipotea, inabaki 36. Mkato uandikwe mnene.)

Vyupa navyo huulizwa. Najua kinachekesha, lakini kuna kutazama lebo ili ujihakikishie, na kuna kuisoma kwa sauti kama hujui kilichomo. Huku kwetu familia inapewa ordonansi, inashuka farmasi au soko la Kadutu, inarudi na boksi ambalo jana halikuwa hivyo. Chukua seftriaksoni, ile antibiotiki. Boksi lililotengenezwa kwa sindano ya msuli huja na ampuli ya lidokaini, dawa ya ganzi, ya kuyeyushia, ili isiume. Mwuguzi mwenye haraka anaiona ampuli, anasema ndani ya moyo "maji ndiyo haya", anayeyusha, anaingiza kwenye mshipa. Lidokaini hiyo ikiingia kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa mshipa seftriaksoni inayeyushwa kwa maji ya sindano, na isikutane na serumu ya Ringa kwenye tuyo (mrija) moja, kwa sababu ya kalisi (kalsiamu) iliyomo.

Kloridi ya potasiamu ndiyo mbaya kuliko zote. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 10 ni angavu, ya plastiki, ukiiweka kando ya maji ya sindano ni kama mapacha. Ina gramu 1. Ndani ya lita ya serumu, ikitiririka polepole, ni dawa. Ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa inasimamisha moyo. Sisi tumeitoa kwenye meza ya dawa, tukaifungia kwenye kabati peke yake. Kama kwenu bado zinalala sinia moja, acha kusoma, nenda ukazitenganishe.

Simu je? Daktari yuko nyumbani, mtandao unakatika, anaagiza insulini kwa Kifaransa. "Six" na "dix", sita na kumi, kwenye simu mbovu ni neno moja. Usimwambie "Sawa, dokta". Mrudishie kwa Kiswahili: "Nimeandika insulini, uniti sita." Sita na kumi hazifanani hata kwenye mvua. Halafu tumia sindano ya insulini yenyewe. Uniti 6 za insulini ya 100 kwa mililita ni mililita 0,06. Kwenye sindano ya mililita 2 huwezi hata kuziona.

Saini inakuja baada ya kudunga, kamwe si kabla. Hilo halihitaji maneno mengi.

Swali la mwisho nililolibadilisha ni la mwili kukataa dawa. Ukiuliza "Una alerji?" wote wanasema hapana, nusu yao kwa kuwa hawakulielewa neno. Uliza, "Dawa gani iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso?" Utasikia habari za penisilini ya mwaka juzi. Na uliza amekunywa nini tangu juzi, miti shamba ikiwemo, kwa sauti ya mtu asiye na mpango wa kugomba.

Sharti hili lina gharama zake. Juzi mzee mmoja alikasirika. "Jana umeniuliza jina, leo asubuhi umeniuliza, sasa tena? Umenisahau?" Nikamwambia, "Sikukusahau, papa. Nitajie tu." Akajiinua kwenye mto, akanitajia jina lake, la baba yake, la babu yake, kijiji chao kule Walungu, na mwaka aliposhuka mjini. Nikaifunika sindano, nikaiweka kwenye sinia, nikangoja amalize.