Dragi radiali ni tairi gani, na unachaguaje kama gari ni la barabarani na la treki pia

Dragi radiali ni tairi inayoruhusiwa barabarani lakini imetengenezwa kwa ajili ya kuondoka kwa nguvu kwenye mstari ulionyooka, yaani treki ya mashindano ya dragi. Ubavuni utakuta herufi DOT, yaani mtengenezaji anathibitisha kwamba imekidhi viwango vya usalama vya Marekani, ila mpira wake ni laini kuliko tairi ya kawaida, kashata (ile michoro ya juu ya tairi) ni chache na hazina kina, na ubavu wake umeundwa ujikunje kidogo pale gari linapochomoka. Ndani nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja toka ukingo mmoja wa rimu mpaka wa pili, juu yake inakaa mikanda chini ya kashata, na hapo ndo inapoachana na sliki (tairi za mashindano zisizo na kashata) za kizamani za bayasi ambazo nyuzi zake zinapishana kimshazari.

Hiyo tofauti ya nyuzi mtu anaweza kuipita haraka ila ndo kila kitu. Sliki ya bayasi ukikanyaga mafuta ubavu wake unakunjamana, unameza ule mshtuko wa kwanza, na hata tairi ikizunguka kidogo bado inaendelea kusukuma gari mbele. Radiali haina uvumilivu huo, ikishika inashika kwelikweli na ikiachia imeachia, mara nyingi inabidi upunguze mafuta ndo ishike tena. Faida yake unaiona baadaye, haipotezi nguvu nyingi ikiviringika, gari linatulia mwisho wa treki spidi ikiwa juu, na ukimaliza unaweza kuendesha kwenda nyumbani bila gari kuyumbayumba kama lilivyo na sliki. Na usidhani ni tairi ya gari zenye nguvu ndogo, kwenye mashindano ya Radial vs the World gari zinavaa radiali za upana wa milimita 315 na zinamaliza mita 201 chini ya sekunde 4.

Sasa kuchagua. Watu wanaanza na nguvu za injini, mimi nakwambia anza na kilomita, gari linatembea barabarani kiasi gani na linakutana na mvua mara ngapi, kwa sababu treki unakaa sekunde chache tu na zilizobaki zote uko na watu wengine barabarani. Kama gari ni la kila siku tafuta zile zenye kashata za kutosha kutoa maji, mfano ET Street S/S ya Mickey Thompson. Kama gari linatoka siku za jua tu na lengo ni muda wa treki, hapo ndo unaenda kwa zinazokaribia kipara kama Nitto NT05R. ET Street R nayo imo humo ila kuwa makini, jina hilohilo linauzwa kwa radiali na kwa bayasi, kwahiyo usiagize kwa jina peke yake, angalia kama saizi ina herufi R, na kuchanganya bayasi na radiali kwenye gari moja siyo kitu cha kujaribu.

Mvua naomba nikae hapo kidogo. Tairi isiyo na njia ya kutoa maji inapanda juu ya maji ikielea, na hizi ni pana, upana ndo unazidisha kuelea. DOT haimaanishi salama kwenye dimbwi. Punguza spidi mapema sana, na kama lami imejaa maji ni bora usubiri. Baridi nayo ni adui, mpira huu ukipoa unakuwa mgumu na ukikaribia nyuzi 0 unaweza hata kupasuka, hivyo gari liache ndani lisisogezwe.

Saizi isome taratibu. Chukua 275/60R15, upana ni milimita 275, urefu wa ubavu ni asilimia 60 ya huo upana yaani milimita 165, R ni radiali, rimu inchi 15. Ubavu mara mbili ni 330, rimu ya inchi 15 ni milimita 381, jumla 711, kama inchi 28 hivi. Kwanini nakusumbua na hesabu, kwa sababu kimo cha tairi kinabadilisha gia zako bila kugusa difu, gari lenye difu ya 4.10 (shafti inazunguka mara 4.10 tairi ikizunguka mara moja) ukilitoa kwenye tairi ya inchi 26 ukaliweka kwenye 28 linaondoka kama lina difu ya 3.81. Wengine wanafurahia upana mpya halafu wanashangaa gari limekuwa zito kuondoka.

Rimu ndogo yenye ubavu mrefu karibu kila mara inaondoka vizuri kuliko rimu ya 18 au 20 yenye ubavu mfupi, ule ubavu ndo unalainisha pigo. Tatizo ni breki, gari nyingi za sasa rimu ya 15 haiingii, hivyo watu wanaishia 17. Upana wa rimu angalia jedwali la mtengenezaji, na kabla ya kulipa pima fenda na shokapu gari likiwa limebonyea, siyo likiwa juu ya jeki.

Upepo ndo sehemu watu wanapopoteza muda bure. Gari la kawaida la mtaani anzia psi 20 hivi, shusha moja moja, na usiangalie muda wa mwisho, angalia muda wa mita 18 za kwanza maana pale ndo tairi inapojieleza. Alama nyeusi inayobaki chini nayo inasema, katikati ikiwa nyeusi kuliko pembeni upepo umezidi, pembeni zikiwa nyeusi na katikati pamepauka umeshusha mno. Ukimaliza jaza kabla hujaingia barabarani, tairi yenye upepo wa treki kwenye safari ndefu inapata joto ndani mpaka inaharibika.

Kuchoma tairi, yaani kuizungusha papo hapo ipate joto kabla ya kuondoka, kusiwe kwingi. Usipite na gari zima kwenye yale maji yanayomwagwa treki kwa ajili ya kuchoma tairi, tairi za mbele zitabeba maji kwenye kashata ziyamwage mbele ya zile zinazosukuma, zunguka pembeni kisha rudi nyuma kidogo uguse ukingo wa maji. Moshi ukianza kuonekana vizuri inatosha, radiali ukiichoma muda mrefu unaipoteza bure na inaweza kupata joto kupita kiasi ikaanza kuteleza.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi sana, tairi ikishaanza kushika, nguvu iliyokuwa inaishia kwenye moshi inahamia kwenye hafshafti, difu na klachi. Gari lenye shafti za kiwandani na nguvu nyingi tenga bajeti ya hivyo vitu kabla ya tairi.

Na kama unanunua zilizotumika usidanganyike na kashata. Tafuta namba nne za mwisho baada ya DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huu kila ukipata joto na kupoa unakauka kidogo kidogo, jua na kukaa muda mrefu vinaongezea, hivyo tairi inaweza kuwa na kashata zote na ikawa haishiki kitu. Bonyeza ukucha kwenye mpira, kama hauingii hata kidogo mrudishie mwenye nazo.