Je, wajua kwa nini lango hili la Ufaransa linapeperusha bendera ya Wakatalani?

Perpignan ni mji ulio kusini kabisa mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Hispania. Katikati yake, kando ya kijito kiitwacho Basse, kuna jengo refu la matofali mekundu ambalo wenyeji huliita Castillet. Ni lango la mji. Lakini mgeni atalizunguka lote asione ukuta wa mji hata wa kuegemea: kushoto barabara, kulia mikahawa, mbele uwanja wa watu kupumzika. Akiinua macho ataona jambo la pili la kushangaza. Huko juu kuna bendera ya manjano yenye milia minne myekundu, na hiyo si bendera ya Ufaransa bali ya Wakatalani, watu wenye lugha yao wenyewe wanaoishi pande zote mbili za mpaka huo.

Ili kuelewa hayo, inabidi kwanza kujua kwamba lango hili lilijengwa wakati Ufaransa haikuwa na neno lolote katika mji huo. Perpignan ulikuwa mji wa Kikatalani, na kati ya mwaka 1276 na 1344 ulikuwa makao makuu ya wafalme wa kisiwa cha Majorca kwa upande wa bara. Kisha mfalme Pere wa Nne wa Aragon, ufalme uliokuwa katika Hispania ya leo, akawapokonya jamaa zake utawala huo, na ni katika enzi yake, mnamo mwaka 1368, ndipo Castillet ilipoanza kusimama. Matofali yalitumika kwa sababu tambarare ya Roussillon, nchi inayouzunguka mji huo, ina udongo mwingi wa mfinyanzi na kokoto za mito, lakini mawe mazuri ya kuchonga yako mbali, milimani. Ndiyo maana majengo mengi ya kale ya huko yana rangi ileile nyekundu.

Kazi yake ilikuwa ya kawaida kwa lango lolote la zama hizo: kupitisha watu na mizigo mchana, kufunga usiku, na kuzuia adui. Ukitazama juu utaona ukingo uliotokeza nje ya ukuta, wenye matundu kwa chini. Hapo walinzi walisimama na kuwaangushia mawe waliofika mlangoni, bila wao wenyewe kuchungulia nje na kupigwa mishale.

Mambo yaligeuka mwaka 1462. Mfalme Juan wa Pili wa Aragon, aliyekuwa na vita nyumbani na hazina tupu, aliiweka nchi hii ya Roussillon rehani kwa mfalme Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa ili apate msaada wa askari. Wenyeji hawakuulizwa. Miaka michache baadaye walimwasi Louis, naye akauzingira mji hadi njaa ikawa kali mno; husimuliwa kwamba watu walikula panya. Perpignan ulisalimu amri mwezi Machi 1475. Juan akaupa mji huo jina la heshima, Fidelissima, mwaminifu kupita yote, ingawa kwa maoni yangu jina hilo lilikuwa malipo duni kwa watu waliokuwa wamewekwa rehani.

Louis hakuwaamini watu hao tena. Akaamuru Castillet iongezewe nguvu, na pembeni yake ikajengwa Porte Notre-Dame, sehemu yenye njia ya kupita ambayo wageni wengi hupiga picha wakidhani ni jengo moja na la kwanza. Tangu hapo ngome hiyo ililinda mji dhidi ya walio nje, na iliwaangalia pia waliomo ndani. Lango likawa mlinzi wa mtawala dhidi ya wenye mji.

Mwaka 1493 Ufaransa iliurudisha mji kwa upande wa Hispania. Wafaransa waliuteka tena mwaka 1642 baada ya kuuzingira, na Mkataba wa Pirenei wa mwaka 1659 ukaukata moja kwa moja kutoka kwa Wakatalani wenzao wa kusini. Mpaka ukapita milimani, na familia zilizokuwa nchi moja zikajikuta nchi mbili.

Kilichowasha moto ni chumvi. Mwaka 1661 serikali ya Louis wa Kumi na Nne ilianzisha kodi ya chumvi katika nchi ambayo kwa desturi haikuilipa. Kwa wafugaji wa milimani, chumvi haikuwa kiungo cha mchuzi tu. Bila hiyo nyama haihifadhiki na mifugo haistawi. Wanakijiji wa mabonde ya Vallespir na Conflent waligeukia magendo, na kuanzia 1667 wakashika silaha. Waliitwa Angelets, na kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Josep de la Trinxeria. Walipigana kwa kuvizia kwa takriban miaka minane. Mwaka 1674 njama ya kuuasi utawala wa Ufaransa, iliyopangwa Villefranche-de-Conflent, iligunduliwa, na baadhi ya waliohusika wakauawa hadharani. Castillet nayo ikawa gereza, na kwa vizazi vingi wenyeji waliijua kwa kazi hiyo.

Lugha nayo iliandamwa. Mwezi Aprili 1700 amri ya mfalme ilikataza Kikatalani katika maandishi yote ya kiserikali. Baadaye shule zikaendeleza kazi hiyo, na kwa ukali. Katika kijiji cha Aiguatèbia kuna maandishi mashuhuri ukutani kwenye uwanja wa shule yanayowaambia watoto waseme Kifaransa na wawe wasafi, kana kwamba lugha ya mama ni uchafu.

Na ukuta je, ulikwenda wapi? Ulibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Mji ulikuwa umebanwa, na mizinga ya kisasa ilishazifanya kuta za zamani kuwa mzigo tu. Barabara pana zikachukua nafasi yake. Castillet ilinusurika kwa kuwa ilishatangazwa kuwa urithi wa kitaifa tangu 1889.

Hapo ndipo tunafika kwenye makumbusho. Mwaka 1963 Josep Deloncle alifungua humo Casa Pairal, nyumba ya ukoo, makumbusho ya maisha na desturi za Wakatalani wa upande wa Ufaransa. Kulikuwa na majengo mengine mjini, tena yenye nafasi zaidi. Kuviweka vyombo vya wakulima na wachungaji ndani ya kuta zilizowahi kuwafunga watu wa nchi hiyo hiyo, kwangu mimi, ni jibu tosha la swali la bendera.

Usiende ukitarajia dhahabu na mataji. Makumbusho haya yamejulikana kwa zana za shamba, samani, mavazi, vitu vya ibada, na hata mlango wa jiko la shambani uliotobolewa tundu la paka kupitia. Mimi huvutiwa zaidi na habari za muziki. Ngoma ya Wakatalani iitwayo sardana huchezwa watu wakiwa wameshikana mikono katika duara, na sauti inayoiongoza ni ya tenora, ala ya kupuliza yenye ulimi wa matete mawili. Ni jamaa wa zumari letu la pwani, ila ni ndefu zaidi na imefungwa vitufe vingi vya chuma. Na tenora ya kisasa ilibuniwa hapohapo Perpignan, mwaka 1849, na fundi Andreu Toron.

Baada ya vyumba, panda ngazi hadi juu. Ni ngazi nyembamba ya kuzunguka, na mwenye magoti mabovu ajipange. Huko juu utaona mapaa mekundu ya mji, na siku ya anga safi mlima Canigó, wenye mita 2,784, unaonekana wazi upande wa magharibi.

Mlima huo unahusiana na Castillet kwa namna ya pekee. Mwaka 1955 Francesc Pujades, mwenyeji wa Arles-sur-Tech, aliwasha moto kileleni wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, na desturi ikazaliwa. Siku hizi mwali wake hutunzwa mwaka mzima ndani ya Castillet. Tarehe 22 Juni vijana huupandisha hadi kileleni, wakakesha nao, kisha kesho yake unateremshwa na kugawanywa kijiji hadi kijiji, pande zote mbili za mpaka ule wa 1659. Jioni ya tarehe 23 unarudi Perpignan, moto mkubwa unawashwa na watu wanacheza sardana karibu na lango. Kama unaweza kuchagua siku ya kufika, chagua hiyo, ila tafuta mahali pa kulala mapema. Na kama unataka kuvitazama vyumba kwa utulivu, rudi asubuhi ya siku nyingine ya kazi.