Je, risasi ya shotigani huanguka karibu?

Katika majimbo ya kati ya Marekani yenye mashamba tambarare, kama Ohio na Iowa, wawindaji wengi wa kulungu huamini kwamba risasi moja nzito ya shotigani huanguka upesi, hivyo ni salama kuliko risasi ya raifo ya aina ya ganda lililonyooka, yaani ganda la risasi lisilobanwa shingoni.

Imani hii ina msingi. Risasi ya shotigani ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) ya gramu 28 hutoka kwa takriban mita 490 kwa sekunde na hupoteza kasi haraka. Ya .350 Legend, risasi ya raifo ya ganda lililonyooka iliyotokea 2019, ina gramu 9.7 na hutoka kwa karibu mita 710. Lakini ile nzito nayo husafiri mamia ya mita, na ikigonga ardhi ngumu kwa mshazari huruka na kuendelea. Kinachozuia ajali ni kilima au udongo nyuma ya mnyama.

Tofauti kubwa iko kwingine: .350 Legend haigongi bega kwa nguvu, kwa hiyo mpigaji hajikunji kabla ya kufyatua. Shotigani nayo hudai risasi inayolingana na mtutu. Yenye koti la plastiki huhitaji mtutu wenye mifuo ndani, inayoizungusha risasi. Kwenye mtutu laini haizunguki, nayo hutawanyika.

Jipimie. Soma kwenye boksi kasi ya risasi mdomoni mwa mtutu na ya yadi 100, kisha piga risasi 3 kwenye karatasi kwa yadi 50, halafu 100. Kanuni za jimbo zisome kila msimu, maana baadhi huweka kikomo cha urefu wa ganda.