Wasiwasi, sonona na kiwewe: maswali kutoka Unguja na Pemba

Mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili si ndio mmoja?

Hapana. Mwanasaikolojia amesomea namna mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda, na hutibu kwa mazungumzo. Daktari wa akili, kama wale wa hospitali ya Kidongo Chekundu, amesomea udaktari kwanza, kwa hiyo huandika dawa.

Nikiwa na msongo wa mawazo, ndiyo sonona?

Bado. Msongo ni mzigo: ada ya skuli, mwani ulioshuka bei. Ukitua, unapumua. Sonona haitui. Ni huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na usingizi, chakula na nguvu navyo vinaharibika. Lakini ukianza kuwaza kujiua, usihesabu wiki. Mwambie mtu, nenda hospitali leo hii.

Kaka yangu alinusurika Spice Islander. Mpaka leo hapandi boti. Karogwa?

Hajarogwa. Meli ile ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na kaka yako ana dalili za kiwewe. Akisikia honi au akinusa dizeli, mwili wake unarudi majini, ingawa yeye yuko barazani. Mrusi Ivan Pavlov alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupata chakula baada ya ishara fulani hutokwa mate kwa ishara peke yake. Hofu nayo hufungamana na honi vivyo hivyo, na hufunguliwa pole pole pamoja na mtaalamu: leo anakaa Forodhani kutazama bahari, siku nyingine anafika bandarini Malindi, safari baadaye. Tafadhali msimburute botini "ili azoee".

Mama anatia udhu mara kumi na bado anasema haujasihi. Imani yake imepungua?

Swali hili huniuma, maana wenye shida hii hulaumiwa kwa jambo wasilo nalo. Mama yako anaogopa mno kukosea, basi. Shida hii sisi tunaiita wasiwasi, neno lile lile la hofu ya kila siku, ndipo tunapoidharau. Huu ni ugonjwa. Wazo linamjia kwamba hakutoharika, anaosha, anatulia kidogo, kisha wazo linarudi, kwani kila kurudia kunalilisha. Tiba ni kuosha mara 3, kuondoka bombani na kuivumilia hofu mpaka ishuke yenyewe. Wengine huhitaji na dawa. Shekhe anayemwamini akikubaliana na mtaalamu, kazi huwa nyepesi. Nanyi wa nyumbani, akiuliza kwa mara ya tano "nimetawadha sawa?", msimjibu tena. Jibu lenu nalo humrudisha bombani.

Kwa hiyo tuache kisomo cha kumwombea mgonjwa?

La. Dua na dawa havigombani. Tunachoomba ni mgonjwa asifungwe, asipigwe, wala asiachishwe vidonge bila ya daktari wake kujua.